Tusilifukie Ziwa Tunalotazamia Kulinywa

Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za kusaidia mpango wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria na kuyafikisha katika wilaya tano za Mkoa wa Simiyu, yaani Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Mpango huo unaihusisha Serikali yetu na Benki ya Maendeleo ya Ujerumani, KfW. Kwa mkoa ambao kina mama wake wamezoea kufukua mchanga wa mto uliokauka ili wapate ndoo moja ya maji, jambo hilo si dogo. Linastahili kuungwa mkono na kila mwananchi.

Hata hivyo, liko swali moja ambalo halijadiliwi ipasavyo. Tunapozungumza juu ya mradi wa maji, huzungumzia mabomba, matangi, pampu na bei ya ndoo. Ni nadra kusikia tukizungumza juu ya ziwa lenyewe. Mto Simiyu, ule uliotupa jina la mkoa, huteremka kutoka upande wa Serengeti, hupita katikati ya mashamba na malisho yetu, kisha huutua mzigo wake katika Ghuba ya Speke. Pamoja na Mto Duma, bonde la mto huu lina eneo la karibu kilomita za mraba 11,000. Kwa hiyo mkoa unaotazamia kunywa maji ya ziwa ndio huo huo unaolipelekea ziwa tope. Nia ya makala hii ni kuonyesha kwamba mambo haya mawili ni jambo moja, na kwamba kulishughulikia la kwanza na kuliacha la pili ni kutwanga maji kwenye kinu.

SINIA, SI KISIMA

Ukubwa wa Ziwa Victoria huwadanganya wengi. Mtu asimamapo ufukoni Lamadi na kutazama magharibi haoni ng'ambo, naye hudhani kwamba maji mengi kiasi hicho hayawezi kudhurika. Ni kweli kwamba ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na kwamba hakuna ziwa jingine katika Afrika linalolizidi kwa eneo. Lakini eneo ni jambo moja na kina ni jambo jingine. Kina cha wastani cha Ziwa Victoria ni mita 40 tu, na mahali penye kina kirefu kabisa hapazidi sana mita 80. Ziwa Tanganyika, ambalo eneo lake halifiki nusu ya eneo la Ziwa Victoria, lina kina cha karibu mita 1,470, na hubeba maji karibu mara saba ya yale ya Ziwa Victoria.

Mwalimu anayetaka kuwafahamisha wanafunzi wake jambo hili anaweza kutumia mfano rahisi. Upana wa ziwa kutoka mashariki hadi magharibi ni kama kilomita 240. Tukilipunguza ziwa mpaka liwe sinia lenye upana wa mita 2.4, maji yaliyomo ndani ya sinia hilo yatakuwa na kina cha wastani kisichofika nusu ya milimita. Hilo ndilo ziwa tunalolidhania kuwa halina mwisho.

Sababu ya kina hicho kifupi ni namna ziwa lilivyozaliwa. Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa yamelala ndani ya Bonde la Ufa, ardhi ilikopasuka na kudidimia. Ziwa Victoria halimo ndani ya ufa. Limekaa juu ya uwanda ulio kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Zamani sana ardhi ya upande wa magharibi iliinuka, mito iliyokuwa ikielekea huko ikazuiwa, na maji yakarudi nyuma na kutanda katika bonde pana lisilo na kina. Wataalamu waliochunguza udongo wa chini ya ziwa wamegundua kwamba yapata miaka 15,000 hadi 17,000 iliyopita, wakati wa ukame mkubwa, ziwa hili lilikauka. Lililokauka mara moja si la milele.

Lipo na jambo la pili. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa ya maji hayo huondoka kwa njia ya mvuke. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, nao ni Mto Nile pale Jinja. Maji yapandapo hewani kwa mvuke huacha nyuma kila kilichokuwamo ndani yake. Mbolea, kinyesi na udongo haviwi mvuke. Kwa hiyo kitu kilichoingia katika ziwa hili hukaa humo kwa miaka mingi sana kabla hakijapata njia ya kutoka.

Mwananchi wa Simiyu hana haja ya kwenda mbali kuona mwisho wa jambo kama hilo. Upande wa pili wa mkoa, mpakani mwa Meatu, liko Ziwa Eyasi, lililo mita zipatazo 1,030 juu ya usawa wa bahari. Hilo linalo kina kifupi zaidi, kiasi kwamba miaka ya ukame sehemu zake kubwa hugeuka kuwa uwanja mweupe wa chumvi. Mto Sibiti huliletea maji, lakini hakuna mto unaoyatoa. Mkoa wetu basi umewekwa kati ya maziwa mawili ya kina kifupi, moja la maji baridi na jingine la chumvi. Sisemi kwamba Ziwa Victoria litageuka Eyasi kesho. Nasema kwamba Eyasi linatufundisha kuwa ziwa hutunza kumbukumbu ya kila linachopokea.

SAFARI YA UDONGO

Tuangalie sasa jinsi tope linavyosafiri. Kiangazi kinapokwisha, nchi huwa tupu. Pamba imekwisha kuvunwa na mabua yake kuchomwa, mahindi na mtama vimeondolewa, na ng'ombe wamekwisha kula masalio yote mpaka mizizi inaonekana. Kisha hushuka mvua za kwanza, nazo kwa kawaida ni kali. Matone hupiga ardhi isiyo na jani, udongo wa juu hulegea, na maji huteremka kutoka kwenye vilima vyenye udongo wa kichanga hadi mbugani, yakichimba vijito njiani. Jioni ile ile Mto Simiyu, uliokuwa mchanga mtupu asubuhi, huwa unanguruma kwa rangi ya kahawia.

Udongo huo hauendi peke yake. Huchukua pamoja nao samadi ya mifugo, mabaki ya mbolea na dawa za pamba, na uchafu wa miji na magulio. Haba na haba hujaza kibaba: shamba moja halionekani kuwa na hatia, wala zizi moja, lakini bonde la kilomita za mraba 11,000 likikusanya mzigo wake, ghuba nzima hubadilika rangi.

Ndani ya ziwa virutubisho hivyo hurutubisha mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo huongezeka na kuyafanya maji kuwa ya kijani. Mimea hiyo ikifa huzama na kuoza, na katika kuoza hutumia hewa ambayo samaki wangeivuta. Tangu miaka ya 1960 wataalamu wameona maji ya ziwa yakipungua uangavu, na sehemu za chini zikikosa hewa kwa muda fulani wa kila mwaka. Magugu maji yaliyolivamia ziwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na kusumbua bandari na wavuvi katika miaka ya 1990 yalistawi kwa chakula hicho hicho. Samaki wadogo wa aina ya furu, waliokuwa wa mamia ya aina, walipungua mno baada ya sangara kuletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na maji machafu yakazidi kuwanyima nafasi ya kuishi.

Wala si mto peke yake unaobeba. Uchunguzi umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia ziwani huanguka kutoka hewani, ikiwa ni vumbi na moshi. Kila tunapoichoma nyasi na mabua, na kila upepo unapopeperusha vumbi la uwanja uliomalizwa na mifugo, tunalilisha ziwa hata kama tunaishi mbali na mto.

Mtumishi wa idara ya maji hana haja ya kuelezwa maana ya haya yote. Maji machafu huziba machujio, hutaka dawa nyingi zaidi ya kutuliza tope, hutaka klorini nyingi zaidi, na hupandisha gharama ya kila ndoo. Gharama hiyo hulipwa na mwananchi yule yule ambaye udongo wa shamba lake umekwenda. Amepoteza mara mbili: kwanza rutuba ya shamba, kisha fedha ya maji.

AMRI ZILIZOSHINDWA

Yafaa tukumbuke kwamba vita vya kuokoa udongo wa Usukuma havikuanza jana. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka maeneo makubwa ya pori ili kuwafukuza mbung'o. Mbung'o walirudi nyuma, watu na mifugo wakaongezeka, lakini miti iliondoka pamoja na mbung'o. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakoloni wale wale walishtuka walipoona ardhi inamomonyoka, wakaanzisha mpango wa maendeleo ya Usukuma uliojaa amri: lima hivi, piga matuta hivi, punguza ng'ombe. Aliyekaidi alitozwa faini.

Wananchi walizipinga amri hizo, na upinzani wao ulikuwa sehemu ya harakati za kudai Uhuru. Wakoloni waliogopa hata wakaipiga marufuku TANU katika Usukuma kuanzia mwaka 1954 hadi 1958. Matokeo yake ni funzo kubwa kwa kila mtawala. Ndani ya amri zile yalikuwamo mambo mema, mathalani matuta ya kuzuia maji. Lakini kwa kuwa yaliletwa kwa kiboko, yalichukiwa pamoja na kiboko. Uhuru ulipopatikana, wakulima wengi waliyaacha.

Tuseme kweli pia kwamba si kila kosa ni la mkoloni. Uhamisho wa watu kwenda vijijini katika miaka ya 1970, pamoja na manufaa yake ya shule na zahanati, ulivuruga utaratibu wa zamani wa ngitili, yaani maeneo ambayo kila familia au ukoo uliyafunga wakati wa masika ili nyasi na miti vipate kukua, na kuyafungua kiangazi kwa ajili ya mifugo. Familia zilipohamishwa, ngitili nyingi zilibaki bila mwenyewe.

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere aliiona hali ya Shinyanga, mkoa ambao wakati huo ulizijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, akaieleza kuwa inageuka jangwa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni maofisa walitaka kupanda miti kwa njia walizozisoma vitabuni. Baadaye waliwasikiliza wazee, wakairudisha ngitili. Vijiji vilitunga sheria zao na mikutano ya jadi ya dagashida ikazisimamia. Ilipofika mwaka 2000 ngitili zilikuwa zimerudi katika vijiji zaidi ya 800, na eneo lililofufuka lilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta inayotolewa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Jambo ambalo faini za mkoloni hazikulifanikisha, vijiji vililifanya vyenyewe. Hii ndiyo hoja yangu kuu. Dawa ya ziwa ipo, tena ni ya hapa hapa, na imekwisha kujaribiwa. Ngitili moja iliyofungwa mlimani huyapokea maji ya mvua kwa nyasi zake, huyapunguza mbio, huyanywesha ardhini, na kuuzuia udongo usiende mtoni. Aliyeifunga alikuwa anatafuta malisho ya ng'ombe wake, lakini mnufaika mwingine ni ziwa.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wako watakaosema kwamba Simiyu haina nafasi ya kufunga ardhi. Hoja hiyo si ya kubezwa. Sensa ya mwaka 2012, mwaka ambao mkoa ulianzishwa, iliwahesabu watu 1,584,157. Ile ya mwaka 2022 iliwahesabu 2,140,497. Katika miaka kumi tumeongezeka kwa zaidi ya theluthi moja, na ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Kijana anayetafuta ekari mbili za pamba hawezi kuambiwa angoje nyasi zikue. Lakini hoja hiyo ina upande wa pili. Ardhi isiyoongezeka ndiyo inayohitaji zaidi kutunzwa. Ekari inayopoteza udongo wake kila masika inazidi kupungua, hata kama mipaka yake haijasogea.

Wako pia watakaosema kwamba wachafuzi wakubwa ni miji: Mwanza, Kisumu, Kampala. Ni kweli kwamba miji ina sehemu yake, nayo haina budi kujenga mitambo ya kusafisha maji taka. Hata hivyo, kosa la jirani halilifuti kosa letu. Tanzania inamiliki karibu nusu ya ziwa hili. Tukingoja wengine waanze, nao watatungoja sisi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo inahusu haki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria hiyo ni njema. Lakini anayelima ndani ya mita hizo mara nyingi si tajiri. Ni mama mwenye bustani ya mchicha na nyanya ambayo hulipia daftari za watoto. Ofisa akienda kwake na amri peke yake, atakuwa anairudia njia ile ile ya miaka ya 1950, na atavuna kile kilichovunwa wakati ule. Hapana budi mama huyo apewe mahali pengine pa kulima, au aonyeshwe zao la kudumu linaloweza kuushika ukingo huku likimpatia fedha.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, mradi wa maji na hifadhi ya bonde vihesabiwe kuwa kazi moja. Napendekeza kwamba sehemu ndogo ya kila malipo ya maji, hata ikiwa senti chache kwa ndoo, irudishwe kwa vijiji vya juu vinavyotunza ngitili na kingo za mto. Mkulima wa mlimani anayeuzuia udongo anamfanyia kazi mnywaji wa mjini. Kazi hustahili ujira.

Pili, halmashauri za wilaya ziziachie serikali za vijiji na mikutano ya jadi nafasi ya kutunga sheria zao ndogo, na kazi ya mtaalamu iwe kushauri. Bwana shamba aulize kwanza ni wapi maji yanakimbia zaidi, kwa sababu jibu analo mwenye shamba. Matuta, mistari ya magugu ya tembo, na mabua yaliyoachwa shambani badala ya kuchomwa si mambo mageni kwa wakulima wetu. Kinachokosekana ni mtu wa kuyafuatilia msimu baada ya msimu.

Tatu, walimu. Shule nyingi za Simiyu zipo karibu na mto au kijito. Mwalimu hahitaji maabara ya fedha nyingi kufundisha somo hili. Siku ya mvua ya kwanza wanafunzi wachote maji ya mto ndani ya chupa nyeupe, waiache mpaka kesho yake, wapime kwa rula unene wa tope lililotulia, na waandike tarehe. Wafanye hivyo kila mvua, kila mwaka. Baada ya miaka mitano shule hiyo itakuwa na ushahidi kuhusu ardhi ya kijiji chake, na mtoto aliyepima tope la shamba la baba yake hatahitaji hotuba kuhusu mazingira.

Nne, watumishi wa idara mbalimbali waache tabia ya kila mmoja kukaa katika chumba chake. Maji ni idara moja, kilimo ni nyingine, mifugo ni nyingine, misitu ni nyingine. Lakini tone la mvua linaloanguka Meatu au Itilima hupita katika idara zote hizo kabla halijafika Ghuba ya Speke. Kikao kimoja cha bonde zima kila mwanzo wa msimu, chenye orodha ya kazi na majina ya wanaohusika, kitafaa kuliko taarifa nne zisizosomana.

HAKI NA WAJIBU

Mkataba wa mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri ulitaka nchi zilizokuwa chini ya Waingereza zisijenge chochote kitakachopunguza maji ya Nile bila idhini ya Misri. Mwaka 1962 Serikali ya Tanganyika ilitangaza kwamba nchi huru haifungwi na mkataba huo. Mradi wa kupeleka maji ya ziwa Shinyanga na Kahama, ulioanza kujengwa mwaka 2004, uliithibitisha haki hiyo kwa vitendo. Mwaka 2010 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kutia saini Mkataba mpya wa Ushirikiano wa Bonde la Nile, ambao ulianza kutumika mwezi Oktoba 2024.

Tulipigania haki ya kuchota, na tumeipata. Lakini mkataba huo mpya haukutoa haki tu. Unazitaka nchi zote zitumie maji kwa haki na kuyalinda. Hatuwezi kuwaambia Wamisri kwamba ziwa ni letu, kisha tukalitendea kama jalala.

Mabomba yanaweza kulazwa katika miaka michache, iwapo fedha zipo na wakandarasi ni waaminifu. Udongo uliokwenda ziwani haurudi, wala hakuna mkopo wa kuununua. Masika ijayo Mto Simiyu utajaa tena, na rangi yake itatuambia kama tumeanza kazi au bado tunahutubiana. Kila mtumishi na kila mwalimu wa bonde hili ashuke mtoni siku hiyo akautazame, kisha aulize kijiji chake kimefunga ngitili ngapi.